Mkazo wa maneno katika Kithai: ubongo unausikiaje wakati kidatu kimeshachukuliwa na toni?

Chukua maneno matatu ya Kithai: khon, khap, rot. La kwanza ni mtu, la pili ni kuendesha, la tatu ni gari. Yakitamkwa kwa namna moja, msikilizaji wa Bangkok anaelewa "dereva". Yakitamkwa kwa namna nyingine, konsonanti zikiwa zilezile na toni, yaani mipando na mishuko ya sauti inayobeba maana ya neno, zikiwa zilezile, anaelewa "mtu anaendesha gari". Maandishi hayamsaidii mtu hapo, kwa sababu Kithai huandikwa bila kuacha nafasi kati ya neno na neno. Tofauti imo kwenye utamkaji. Katika "dereva", silabi mbili za mwanzo hupita upesi na uzito wote hutua kwenye rot. Katika sentensi, khon hupewa muda wake, ikarefuka kidogo, ikasimama kama mtenda.

Hiyo ni kazi ya mkazo, au shadda kama wanavyoiita baadhi ya walimu wetu. Na kwa yeyote anayejiuliza jinsi ubongo unavyosikiliza lugha, mkazo wa Kithai ni fumbo zuri kuliko mkazo wa lugha nyingi nyingine.

Sababu ni hii. Mzungumzaji anayetaka kuipa silabi mkazo ana vyombo vitatu mkononi: kuinua au kushusha kidatu, yaani wembamba na unene wa sauti, kurefusha muda wa silabi, na kuongeza nguvu ya sauti. Lugha nyingi huvitumia vyote vitatu kwa pamoja. Sisi wa Kiswahili tunaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tukiuhamisha maana inaweza kuhama nao: baraBAra ni njia ya magari, baRAbara ni sawasawa, vilivyo. Kidatu na urefu vinasaidiana, na hakuna anayevizuia, kwa kuwa Kiswahili hakina toni za kulinda. Mthai hana uhuru huo. Kwake kidatu kina kazi nyingine tayari, tena kazi nzito.

Kithai sanifu kina toni tano: ya wastani, ya chini, ya kushuka, ya juu na ya kupanda. Silabi khaa ikiwa na toni ya wastani ni kukwama. Ikiwa na ya chini ni mzizi wa jamii ya tangawizi unaotiwa kwenye supu. Ikishuka ni kuua, ikiwa juu ni kufanya biashara, ikipanda ni mguu. Anayeinua kidatu ili kutilia neno mkazo hajasisitiza chochote. Amesema neno jingine. Arthur Abramson, aliyechapisha mwaka 1962 vipimo vya irabu na toni za Kithai, alionyesha wazi jinsi msikilizaji anavyoegemea mchoro wa kidatu ili kuzitenganisha silabi hizi.

Basi mkazo ubaki na urefu wa muda. Lakini huo nao una shughuli yake. Kithai hutofautisha irabu fupi na irabu ndefu: khao yenye irabu fupi na toni ya kupanda ni mlima, khaao yenye irabu ndefu na toni hiyohiyo ni rangi nyeupe. Kwa hiyo vyombo viwili vikuu vya mkazo vyote vimo mikononi mwa kamusi, na mkazo unalazimika kukitumia chombo ambacho tayari kina mwenyewe.

Wapo waliosema kwamba kwa hali hiyo Kithai hakina mkazo kabisa. Sikubaliani nao, na vipimo haviwaungi mkono. Mwaka 1996 Siripong Potisuk, Jackson Gandour na Mary Harper walichapisha uchunguzi wa jozi za sentensi za aina ile ya khon khap rot, ambapo silabi zilezile husomeka kama neno ambatani au kama kirai. Walipima kidatu, muda na nguvu ya sauti. Kilichotenganisha silabi yenye mkazo na isiyo nao, kuliko vingine vyote, kilikuwa muda. Nguvu ya sauti haikusaidia sana. Kidatu kilibadilika kwa kubanwa: kwenye silabi isiyo na mkazo toni hazipandi wala kushuka kwa upana uleule, ila bado zinajulikana kuwa ni tano.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kueleza. Silabi ya mwisho ya neno la Kithai ndiyo yenye mkazo mkuu. Zilizotangulia hudhoofika, nyingine zaidi ya nyingine. Soko ni talaat, na ta yake ya mwanzo ni fupi mno. Mtu akisoma polepole darasani huipa toni ya chini, lakini mtaani toni hiyo huyeyuka ikaangukia kwenye wastani. Maji ni naam, kwa irabu ndefu, yakisemwa peke yake. Yakiingia kwenye neno ambatani yanafupika: barafu ni nam khaeng, ile sosi ya samaki wa kuchachushwa ni nam plaa. Maji ni yaleyale, yameandikwa kwa herufi zilezile, lakini yamepoteza mkazo na pamoja nao nusu ya urefu wake.

Sasa tuingie kichwani.

Sauti ikishapita sikio la ndani na kuwa mipigo ya neva, kituo chake cha mapema ni shina la ubongo, sehemu ya zamani kabisa ambayo kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa bomba tu la kupitishia habari. Ukibandika elektrodi kwenye ngozi ya kichwa unaweza kurekodi umeme wa hapo ukitetema sambamba na mtetemo wa sauti inayosikika. Ananthanarayan Krishnan na Gandour, wote wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, waliwapima wazungumzaji wa Kithai, Kichina na Kiingereza. Shina la ubongo la Wathai na Wachina lilikifuata kidatu cha toni kwa uaminifu zaidi kuliko la wazungumzaji wa Kiingereza. Maana yake lugha imeshalinoa shina la ubongo kabla sauti haijafika mahali popote tunapopaita pa kufikiria. Kwangu mimi hili ni miongoni mwa matokeo yanayostaajabisha zaidi katika elimu hii.

Kutoka hapo habari hupanda hadi gamba la kusikia, juu ya sikio kila upande. Mwaka 2017 Claire Tang, Liberty Hamilton na Edward Chang wa San Francisco walitoa uchunguzi walioufanya kwa wagonjwa wa kifafa waliokuwa wamewekewa elektrodi juu ya ubongo kwa ajili ya matibabu. Walikuta maeneo jirani yenye kazi tofauti: moja likifuata sauti za konsonanti na irabu, jingine likimtambua msemaji kwa sauti yake, jingine likifuata kupanda na kushuka kwa kidatu. Hili la mwisho halikujali kidatu halisi, bali kidatu ukilinganisha na kawaida ya msemaji yule. Sentensi zilikuwa za Kiingereza, lakini uwezo huo ndio hasa anaouhitaji Mthai, kwa sababu toni ya juu ya mzee mwenye sauti nzito inaweza kuwa chini ya toni ya chini ya mtoto.

Muda nao husikika kwa kulinganisha. Hakuna urefu fulani wa milisekunde unaofanya silabi kuwa na mkazo. Silabi ni ndefu kwa kuzitazama jirani zake na kwa kasi ya msemaji. Akiisikia naam, Mthai anatakiwa kupima mambo mawili katika kurefuka kulekule: je, hii ni irabu ndefu ya kamusi, au ni irabu iliyonyooshwa kwa sababu imekaa mwisho wa neno? Jibu halipatikani ndani ya silabi yenyewe. Linapatikana kwa kuitazama silabi pamoja na zilizoitangulia, na ndiyo maana mkazo haumalizikii kwenye gamba la kusikia.

Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha mgawanyo mwepesi: upande wa kushoto wa ubongo ni wa lugha, upande wa kulia ni wa muziki na lahani. Kwa lugha za Ulaya mgawanyo huo ulionekana kutosha. Kithai kiliutikisa. Mwaka 1973 Diana Van Lancker na Victoria Fromkin wa Los Angeles waliwasikilizisha watu maneno mawili tofauti kwa wakati mmoja, moja sikio la kulia na jingine la kushoto. Sikio la kulia lina njia yenye nguvu zaidi kwenda nusu ya kushoto ya ubongo, kwa hiyo neno linaloshinda kulia linadokeza kazi inafanyika kushoto. Wathai walipopewa maneno yanayotofautiana kwa toni, sikio la kulia lilishinda, sawasawa na maneno yanayotofautiana kwa konsonanti. Walipopewa mvumo mtupu wa kidatu kilekile, bila neno ndani yake, ushindi ule ulitoweka. Wazungumzaji wa Kiingereza walionyesha ushindi wa kulia kwenye konsonanti pekee.

Picha za ubongo zilikuja kuongeza undani. Katika uchunguzi wa Gandour na wenzake uliochapishwa mwaka 2000, Wathai, Wachina na wazungumzaji wa Kiingereza walizisikiliza toni za Kithai. Sehemu ya mbele ya kushoto, karibu na eneo la Broca linalohusika na usemi, iliwaka kwa Wathai. Wachina, ambao lugha yao ina toni tangu utotoni, hawakufanana nao. Kujua toni kwa jumla hakukutosha. Ilibidi zijulikane toni hizi.

Miaka miwili baadaye kundi hilohilo likauliza swali linalokaribia zaidi mkazo: je, urefu wa irabu nao? Waliwapa Wathai na Wachina kazi mbili, kutofautisha toni za Kithai na kutofautisha irabu fupi na ndefu. Kwa vipimo vya fizikia hizi ni sauti za aina mbili, moja ya mabadiliko ya kidatu na nyingine ya muda. Kwa Wathai zote mbili ziliamsha sehemu ya mbele ya kushoto. Kwa Wachina hapana. Nauona huu kuwa ushahidi muhimu kuliko wote kwa mada yetu, kwa kuwa unaonyesha kwamba ubongo hauzipangi sauti kwa umbo lake pekee. Unaziuliza zinafanya kazi gani katika lugha ya mwenye ubongo, kisha unazipeleka kazini. Kidatu kinachobeba maana ya neno na muda unaobeba maana ya neno hukutana mahali pamoja.

Uchunguzi mwingine, wa Yisheng Xu na wenzake mwaka 2006, ulizichukua silabi za Kichina ukazivalisha toni za Kithai. Kwa Mthai, neno kama hilo halina maana yoyote. Hata hivyo eneo la kusikia la kushoto nyuma ya gamba lilifanya kazi zaidi aliposikia toni za kwao, na kwa Wachina ikawa kinyume chake. Toni ilitambuliwa kwa sura yake, hata pale ilipokuwa haina neno la kubeba.

Nisieleweke vibaya. Upande wa kulia haukai bure. Mwanzoni kabisa pande zote mbili husikiliza, na wa kulia ni hodari wa kufuata kidatu cha sentensi nzima, kama kiimbo cha swali au cha hasira. Anayesema kwa mkato kwamba "toni ni ya kushoto" amerahisisha kupita kiasi. Kinachoelekea kushoto ni hatua ya kuigeuza sauti kuwa kipande cha lugha.

Mkazo umekaa katikati ya vitu hivi viwili, na hilo linaonekana kwa huzuni zaidi kwa watu walioumia. Gandour na washirika wake wa Thailand, akiwamo Rochana Dardarananda, walifanya kazi miaka ya 1980 na 1990 na wagonjwa waliopoteza ufasaha baada ya kuumia upande wa kushoto wa ubongo. Tofauti ya irabu fupi na ndefu, ile ya kamusi, ilibaki kwa kiasi kikubwa. Kilichovurugika ni upangaji wa muda katika sentensi nzima: silabi ipi ipite upesi, ipi isimamiwe. Mtu anaweza kuwa na neno, toni yake na urefu wa irabu yake, akakosa mwendo unaoziunganisha silabi kuwa usemi. Nadhani hakuna ushahidi unaoonyesha vizuri zaidi kwamba urefu wa neno na urefu wa mkazo ni vitu viwili ndani ya ubongo, ingawa vyote hupimwa kwa saa moja.

Je, ubongo unauhifadhi mkazo kama sehemu ya kumbukumbu, au unaukokotoa kila mara upya? Njia ya kuuliza ilikuwa imeshapatikana. Mwaka 1978 Risto Näätänen na wenzake walieleza wimbi dogo la umeme linalotokea mtu anapoisikia sauti ileile ikirudiwa, kisha ghafla moja ikawa tofauti. Wimbi hilo huja kati ya milisekunde 100 na 250 baada ya tofauti kuanza, hata kama msikilizaji anasoma kitabu na wala hajali. Mwaka 1997 timu yake ilionyesha kwamba wimbi hukuzwa na lugha ya mtu: irabu iliyomo katika Kiestonia na isiyokuwamo katika Kifini iliamsha ubongo wa Waestonia kuliko wa Wafini.

Ferenc Honbolygó na Valéria Csépe wa Budapest waliitumia njia hiyo kwenye mkazo. Kihungaria huweka mkazo daima kwenye silabi ya kwanza. Walipokuwa wakirudia neno la kubuni lenye mkazo halali na kisha kuingiza lenye mkazo mahali pasipo pake, ubongo ulishtuka mara mbili: silabi ya kwanza ilipokosa mkazo, na tena ya pili ilipoupata. Walipogeuza, neno lenye mkazo usio halali likawa ndilo linalorudiwa na lenye mkazo halali ndilo geni, mshtuko haukuonekana. Kama ubongo ungekuwa unapima tofauti ya sauti tu, pande zote mbili zingepaswa kushtua. Inaelekea kuna kielezo cha mkazo kilichohifadhiwa, na kinacholingana nacho hupita bila kupigiwa kelele.

Kwa Kithai, ambacho mkazo wake mkuu una makao maalumu mwishoni mwa neno, mantiki ya kielezo hiki inaingia vizuri. Silabi fupi iliyobanwa ni tangazo kwamba neno halijaisha. Silabi iliyonyooshwa, yenye toni iliyokamilika, ni mpaka. Katika mazungumzo ya kasi hakuna ukimya kati ya maneno, kama vile kwenye maandishi kusivyo na nafasi, na msikilizaji anayeijua mirefusho hii ana alama za kukatia usemi vipande.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, nao unatuhusu sisi. Mwaka 1997 Emmanuel Dupoux na wenzake wa Paris walieleza kwamba Wafaransa hupata shida kutofautisha maneno yanayotofautiana kwa mkazo tu, na wakauita uziwi wa mkazo. Masikio yao ni mazima. Ila katika lugha yao mkazo una mahali pamoja pasipobadilika, kwa hiyo ubongo hauoni haja ya kuuhifadhi pamoja na neno. Sharon Peperkamp, Inga Vendelin na Dupoux walipoendelea na lugha nyingine mwaka 2010, waliwakuta Wafini na Wahungaria vivyo hivyo, huku Wahispania wakiwa hawana tatizo. Wapolandi walikuwa katikati: mkazo wao uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini wana maneno machache yanayokiuka. Msomaji wa Kiswahili atajitambua hapo mara moja. Ningetamani sana kuona maabara za vyuo vyetu zikipima jambo hili kwa wazungumzaji wa Mombasa, Unguja na Lubumbashi, maana baadhi yao wana lugha nyingine nyumbani, na nyingi kati ya hizo, kama Kikuyu, Kinyarwanda au Lingala, zina toni.

Mazoea haya huanza mapema mno. Karen Mattock na Denis Burnham waliwapima watoto wachanga kwa toni za Kithai. Wale wanaolelewa kwa Kiingereza walizitofautisha vizuri wakiwa na miezi 6, na kufikia miezi 9 uwezo ulikuwa umepungua. Waliolelewa kwa Kichina hawakupungua. Burnham alifanya pia jaribio la watu wazima ninalolipenda: alizipiga toni za Kithai kwa sauti ya fidla. Waaustralia waliosikia kwa shida tofauti ya toni ndani ya maneno waliisikia vizuri zaidi kwenye fidla. Kwa Wathai hakukuwa na pengo hilo. Sikio la mgeni linasikia kidatu. Ni neno linaloliziba.

Hili lina matokeo kwa anayejifunza Kithai leo. Masomo mengi humfundisha toni silabi mojamoja, kila moja ikiwa na mkazo kamili, kana kwamba watu wa Bangkok husema orodha. Kisha akifika sokoni anasikia chembe ya kuulizia mai, ambayo kwenye kamusi toni yake inapanda, ikitamkwa kwa toni ya juu. Kiwakilishi chan, yaani "mimi", nacho kinaandikwa kwa toni ya kupanda na kusikika ya juu. Hajakosea kujifunza, amefundishwa neno lililosimama peke yake, na haya ni maneno ambayo karibu kamwe hayasimami peke yake. Mwalimu angefanya vizuri kumpa tangu wiki ya kwanza virai vizima, talaat, nam plaa, khon khap rot kwa namna zake zote mbili, na kumtaka aseme kwanza ni silabi ipi imenyooshwa kabla hajaulizwa toni ni ipi.